Uziwi si mmoja: tunayodhani kuhusu masikio na yalivyo

Ziba sikio la kulia kwa kidole, fumba mdomo, kisha toa sauti ndogo ya "mmm". Inasikika upande gani? Karibu kila mtu huisikia ikihamia kwenye sikio lililozibwa. Kwa dakika hiyo umejitia uziwi mdogo wa aina ya kwanza: njia ya sauti imezibwa, lakini sehemu ya ndani inayoipokea ni nzima. Lau ingeharibika sehemu ya ndani, au mshipa wa fahamu wa sikio, sauti ingekimbilia upande wa pili, kwenye sikio zima.

Dhana inayozaa nyingine nyingi ni kwamba uziwi ni uziwi tu. Sauti hupita tunduni, ikatikisa ngoma ya sikio, ikavushwa na mifupa mitatu midogo mno, ndipo ifike kwenye kiungo chenye umbo la konokono kinachoigeuza kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Kasoro ikiwa njiani, kama nta iliyoganda, ngoma iliyotoboka au maji nyuma yake, mara nyingi kuna dawa au upasuaji. Ikiwa ndani ya konokono, chembe zenye vinyweleo zikishakufa haziwi na mbadala, kwa sababu mwili wa binadamu hauoteshi nyingine. Wapo wenye yote mawili kwa pamoja.

"Usaha wa sikio kwa mtoto ni kawaida, akikua utaacha"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Usaha si hatua ya ukuaji wala dalili ya meno. Vijidudu hupanda kutoka nyuma ya pua kwa mrija unaofika sikio la kati, na mrija huo kwa mtoto ni mfupi na umelala. Usaha hujaa nyuma ya ngoma, mtoto analia usiku kucha, ngoma inatoboka, usaha unatoka, maumivu yanapungua. Wazazi hushusha pumzi wakidhani amepona, kumbe hapo ndipo pa kumpeleka kliniki. Mara nyingi tundu hujifunga. Lakini usaha ukifika siku 14, hilo sasa ni sikio sugu, na sharti likaushwe: utambi wa kitambaa safi cha pamba unaingizwa taratibu, unaachwa unyonye, unabadilishwa mpaka utoke mkavu, mara tatu kwa siku. Kisha hufuata matone ya dawa kama siprofloksasini kwa wiki mbili, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Mafuta ya nazi, maji ya kitunguu na maziwa ya mama hayana kazi humo. Ngoma ina tundu, kwa hiyo unachomimina huingia moja kwa moja sikio la kati. Usaha unaonuka na kurudi mwaka baada ya mwaka huenda ni ngozi iliyoota pasipo mahali pake, inayotafuna mifupa ya sikio polepole, na tiba yake ni upasuaji. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, na sikio limesukumwa mbele, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ubongo uko jirani sana na hapo.

Usaha huo una ndugu mkimya: majimaji yanayokaa nyuma ya ngoma bila homa wala maumivu. Mtoto anaongeza sauti ya televisheni, anaitwa mara tatu ndipo ageuke, na shuleni anaonekana mkaidi. Wako watoto waliochapwa viboko kwa ugonjwa huu.

"Sikio lisafishwe kwa kijiti cha pamba"

Nta si uchafu, ni kinga, na ngozi ya sikio huisukuma nje yenyewe. Kijiti huirudisha ndani na kuishindilia.

"Sikio limeziba ghafla, ni mafua tu"

Huenda. Lakini mtu akiamka sikio moja halisikii, pengine na mlio au kizunguzungu juu yake, arudie ile "mmm" bila kuziba chochote. Sauti ikielekea sikio bovu, inaelekea ni kizuizi. Ikielekea sikio zima, huenda uharibifu ni wa ndani, na hiyo ni dharura. Jaribio hili halichukui nafasi ya vipimo, kwa hiyo hata ukibaki na shaka, nenda. Dawa za jamii ya steroidi, zinazotuliza uvimbe, hufaa zaidi zikianza mapema, ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Wengi huzimaliza wiki hizo wakitia matone waliyonunua duka la dawa, au wakitafuta aliyewaroga.

"Babu anasikia anachotaka"

Uzee huanza na chembe zinazopokea sauti nyembamba. Irabu zetu ni nzito, humfikia vizuri, ila p, t, k, s na f zinapotea. Paka, taka, kaka, saka: yote yanamfikia kama "a-a", naye anabahatisha. Ukimpigia kelele unakuza irabu, ambazo hazikuwa na tatizo. Kaa mbele yake kwenye mwanga, zima redio, sema polepole. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, humsaidia, ingawa haifanyi kazi kama miwani unayovaa na kuona papo hapo. Siku za kwanza hata sufuria na milango humkera, kwani ubongo unajifunza upya, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Nyingi huishia kabatini wiki ya kwanza, na inasikitisha.

"Mtoto ni mzito wa ulimi tu, ataongea"

Wengine humkata mtoto ngozi ya chini ya ulimi kabla hajapimwa masikio hata mara moja. Nyumbani tunagonga mlango kwa nguvu, mtoto anashtuka, tunaridhika, kumbe amehisi mtikisiko. Mtoto kiziwi pia hubwabwaja miezi ya mwanzo, kisha huanza kunyamaza. Mtoto anaweza kupimwa tangu siku za kwanza, hata akiwa usingizini. Kipimo ni muhimu zaidi kama alizaliwa njiti, alikuwa na manjano kali, aliugua homa ya uti wa mgongo, au alidungwa sindano za jentamaisini kwa muda mrefu, dawa inayookoa maisha lakini inayoweza kuua zile chembe za ndani.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia ndani ya konokono tangu 2017. Kwa asiyefikiwa na huduma hiyo, au asiyeitaka, ipo lugha ya alama, lugha kamili yenye sarufi yake, na mtoto anaweza kuanza kuipokea leo.