Ninavyompima kocha wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani

Rekodi ya ushindi na vipigo ndiyo huwa naitazama mwisho. Najua inasikika kama maringo ya mchambuzi, lakini mwangalie Nick Saban. Alianza kazi Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2007, na msimu huo alishinda mechi 7, akapoteza 6. Kimojawapo cha vipigo hivyo alikipata akiwa nyumbani kwake, mbele ya Louisiana-Monroe, aina ya timu ambayo wakubwa huialika wakitarajia ushindi wa bure. Misimu miwili baadaye hakufungwa na mtu, akatwaa ubingwa wa taifa. Hadi anastaafu Januari 2024 alikuwa ameiongezea Alabama mataji mengine 5.

Sasa mgeukie Gene Chizik wa Auburn. Mwaka 2010 alishinda mechi zote 14, na kombe juu. Mwaka 2012 alishinda 3, akapoteza 9, akatimuliwa. Chizik alikuwa na Cam Newton, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa ajabu aliyeichezea Auburn msimu mmoja tu kisha akaenda NFL, ligi kuu ya kulipwa. Kombe lilikuwa halali kabisa. Ila nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuliletea mwenzake.

Kwa hiyo mimi naanzia mistarini. Kwa msomaji aliyezoea kandanda: katika futiboli ya Kimarekani, kila shambulizi huanza kwa mistari miwili ya majitu, kwa kawaida matano ya upande unaoshambulia na matatu au manne ya ulinzi, mengi yakiwa na zaidi ya kilo 130, kugongana uso kwa uso. Kamera humfuata aliyeshika mpira, lakini mechi huamuliwa hapo. Kijana wa kazi hiyo hatoki sekondari akiwa tayari. Anahitaji miaka miwili au mitatu ya chakula, vyuma na kufundishwa miguu. Kocha anayejenga utamwona anasajili wa aina hiyo wengi kila mwaka, hata pale mashabiki wanapolilia kwotabeki. Georgia ya Kirby Smart ndiyo mfano ninaoupenda. Walipochukua ubingwa wa 2021, kwotabeki wao alikuwa Stetson Bennett, kijana aliyeingia chuoni hapo bila ufadhili wa michezo. Lakini drafti ya NFL iliyofuata, yaani zamu ambayo timu za ligi hiyo huchagua wachezaji wapya, iliwachukua wachezaji 5 wa ulinzi wa Georgia katika raundi ya kwanza pekee, watatu kati yao wakiwa wa mstari wa mbele.

Vipaji vinahitajika, sibishi. Mchambuzi Bud Elliott ana kipimo chake maarufu: zaidi ya nusu ya wachezaji uliowasajili kwa miaka minne wawe wa nyota 4 au 5, yaani daraja za juu kabisa wanazopewa vijana wa sekondari. Karibu mabingwa wote wa zama hizi walikivuka. Lakini kuvuka ni jambo moja, kufundisha ni lingine. Jimbo Fisher alikuwa tayari na ubingwa wa 2013 aliotwaa akiwa Florida State. Mwaka 2022 Texas A&M yake ikasajili kundi lililoshika namba moja nchini, na msimu huohuo ikashinda mechi 5, ikapoteza 7. Mwaka uliofuata chuo kilikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni wasaidizi. Timu ikishinda, waratibu wake wa ulinzi na mashambulizi hunyakuliwa, hiyo haiepukiki. Saban alimpoteza Smart mwenyewe, akampoteza Lane Kiffin, akampoteza Steve Sarkisian, na kila mara aliajiri mwingine akaendelea kushinda. Ed Orgeron wa LSU alishinda mechi zote 15 za msimu wa 2019. Kisha kwotabeki wake Joe Burrow akaenda NFL, mratibu wa ulinzi Dave Aranda akachukuliwa na Baylor, na Joe Brady, msaidizi wa mashambulizi, naye akaondoka. Mrithi wa Aranda alidumu msimu mmoja, LSU ikamaliza 2020 na ushindi 5 na vipigo 5.

Dabo Swinney ananivutia zaidi, maana ameonyesha pande zote mbili. Januari 2012 Clemson yake ilichapwa 70 kwa 33 na West Virginia katika mechi ya Orange Bowl, aibu ya kitaifa. Alibadilisha mratibu wa ulinzi, akamchukua Brent Venables, na yakafuata mataji ya 2016 na 2018. Venables alipokwenda Oklahoma mwishoni mwa 2021, Swinney aliwapandisha watu wa ndani, akawa pia mzito kuchukua wachezaji wanaohama vyuo. Clemson ilibaki nzuri. Ya kutisha, hapana.

Na huko kuhama ndiko kumenivuruga saa yangu ya kumhukumu kocha. Tangu 2021 mchezaji anaweza kubadili chuo bila kukaa nje msimu mzima, na anaweza kulipwa kwa matumizi ya kibiashara ya jina lake. Indiana ilishinda mechi 3 mwaka 2023. Curt Cignetti akaja na kundi la wachezaji na wasaidizi wake kutoka chuo cha James Madison, akashinda 11 mwaka wake wa kwanza. Mstari uliokuwa ukihitaji miaka mitatu sasa unaweza kununuliwa nusu yake ndani ya wiki chache, kwa hiyo mwaka wa pili unanitosha kuuhukumu. Kwa wasaidizi sijapunguza kitu: nasubiri mratibu wa kwanza aondoke, nione nani anapigiwa simu.