Vifaa vya Perseus vinavyoharibu riwaya ya watoto

Anayetaka kuandika riwaya ya visasili vya Kigiriki kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 mara nyingi hukimbilia Perseus, kijana anayetumwa kuleta kichwa cha Medusa, zimwi ambalo anayelitazama hugeuka jiwe. Kijana yupo, mama aliye hatarini yupo, mfalme mwenye hila yupo, na zimwi lipo. Kinachoharibu ni misaada. Kwa Apollodorus, mkusanyaji wa kale wa visasili vya Kigiriki, mungu Hermes anampa mundu, nimfu, yaani miungu wadogo wa kike, wanampa viatu vyenye mbawa, mkoba wa kutilia kichwa na kofia ya Hades, mungu wa kuzimu, inayomfanya asionekane. Na hata shingo ya Medusa inapokatwa, mungu wa kike Athena ndiye anayeuongoza mkono wa Perseus. Mtoto haoni shujaa hapo, anaona mtu aliyetumwa.

Mimi hubakiza vifaa viwili, kila kimoja na kasoro yake. Kofia imfiche mvaaji, ila sauti na pumzi zisikike. Viatu viruke, lakini kutua iwe shughuli. Kasoro zitajwe sura mbili tatu kabla ya kuhitajika. Zikichomoza katikati ya hatari, msomaji anajua umemchezea.

Mahali pa kutanua ni kwa Graiai, wale vikongwe watatu wanaotumia jicho moja na jino moja kwa zamu. Perseus analinyakua jicho likiwa linapokezwa, kwa sababu muda huo wote watatu hawaoni, na halirudishi mpaka wamwonyeshe njia ya kwa nimfu. Masimulizi ya kale yanapita hapo kwa sentensi chache. Wewe pape sura nzima, kama maneno 2,000. Perseus ajibanze, ahesabu zamu, ajue ni mkono upi unaotangulia. Mara ya kwanza akose: changarawe ilie chini ya kisigino, na kikongwe mwenye jicho ageuke.

Kwa Medusa ndiko wengi wanakoteleza. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, alikuwa msichana mrembo aliyebakwa na Neptune, mungu wa bahari, hekaluni mwa Minerva (ndiye Athena kwa Warumi), kisha akaadhibiwa yeye. Hayo si ya msomaji wa miaka 9, na ukiyafuta huku ukibakiza adhabu, unabaki na msichana aliyeonewa na kitabu kinachoshangilia kifo chake. Rudi kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale zaidi: Medusa ni mmoja wa dada watatu, mabinti wa miungu wa bahari Phorcys na Ceto, na ni yeye tu awezaye kufa. Kwa riwaya, hiyo ni bahati kubwa. Akishaanguka, Stheno na Euryale wanamfuata muuaji wa dada yao, na hao hakuna silaha inayowaua. Imebaki kofia tu, na kijana anahema.

Jumla ya maneno 40,000 hadi 60,000 yanatosha, mhusika mkuu awe na miaka 12 au 13, maana watoto hupenda kusoma kuhusu aliyewazidi kidogo. Andromeda, binti mfalme ambaye Perseus anamwokoa baadaye, mwekee kitabu cha pili. Ukimwingiza humu unahitaji nchi mpya, wazazi wapya na zimwi jipya la baharini, na Danae, mama yake Perseus aliyesababisha safari yote, anasahaulika kisiwani Seriphos mikononi mwa Polydectes, yule mfalme mwenye hila.