Je, wajua kwa nini baka la kijivu kwenye gome hugeuka kijani likipata maji?

Siku kavu, tafuta mti wenye mabaka ya kijivu kwenye gome, udondoshee baka moja matone matatu manne ya maji. Mara nyingi hata dakika haiishi: kijivu kinafifia na kijani kinajitokeza palepale maji yalipofika, na mpaka wake unaonekana kama umechorwa.

Baka hilo ni likeni. Watu huikwangua wakidhani ni ugonjwa wa mti, kumbe hainyonyi utomvu. Imejishikiza kwenye gome tu. Na si kiumbe kimoja. Ni kuvu iliyojenga nyumba, na ndani yake umo mwani, si ule wa baharini bali wa chembe ndogo sana, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, alipolisema hilo miaka ya 1860, wataalamu wengi wa likeni walilipinga vikali.

Juu kuna paa la nyuzi za kuvu zilizosongamana, chini yake utando mwembamba wa mwani. Paa likikauka hutawanya mwanga, kwa hiyo huoni kilicho ndani. Likilowa hupitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Kijani kile kilikuwapo tangu mwanzo.

Jaribio hili halifai baada ya mvua, maana kila kitu kimeshalowa. Tena si likeni zote hugeuka kijani. Zile ambazo badala ya mwani zina bakteria wa kijani-buluu huwa nyeusi, na baadhi hututumka na kuteleza kama ute. Likeni ikikauka hulala, haitengenezi chakula; hizo hungoja maji yenyewe ndipo ziamke. Zenye mwani wa kijani, nyingi huamshwa hata na unyevu wa hewa peke yake.

Anayechanganya watu zaidi ni kigoga, ule mmea mdogo unaotandaza zulia laini kwenye mawe na magogo. Naye hujikunja akikauka na kukunjuka akilowa, kwa hiyo usitegemee maji tu: tafuta majani. Kigoga ana vijani vilivyozunguka kijishina. Likeni haina jani hata moja. Tumia lenzi inayokuza mara 10, lakini usiishike mbali kama msomaji wa gazeti. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza uso hadi sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye gome.

Uyoga mgumu unaoota kama rafu kwenye gogo hauna kijani chake. Hula mbao zinazooza, na ukiinua gome lililobanduka utaona nyuzi nyeupe za kuvu zikitambaa. Ukiukuta na kijani mgongoni, pitisha ukucha. Kikitoka kama unga, ni mwani uliopanda juu yake. Likeni iliyogandama kama rangi ya ukutani haitoki hivyo: utaondoka na gome lake, na nyingi za aina hiyo hazikui zaidi ya milimita moja au mbili kwa mwaka.