Mekapu ya Halloween ya haraka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, ikikaribia, watu wetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza huanza kuulizana. Kazini wamesema waje wamevaa mavazi ya kuigiza, mtoto anataka kwenda nyumba kwa nyumba kuomba pipi na wenzake, na hakuna aliyenunua vazi. Jibu huwa lile lile: vaa nyeusi, mengine malizia usoni. Ni jibu zuri. Mekapu iliyokolea inabeba vazi zima hata kama umevaa fulana na jinzi. Lakini yameingia maneno mengi yasiyo ya kweli, na baadhi yake yameshaunguza ngozi za watu.

Dhana: Ili utokee fuvu au mzimu, lazima uso wote upakwe nyeupe kwanza.

Ushauri huu ulitungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Rangi nyeupe ikipakwa nyembamba juu ya ngozi nyeusi hugeuka kijivu, na ukiipaka nzito ili ifunike, inapasuka kwenye mikunjo ya mdomo na paji la uso kabla hujafika kwenye sherehe. Fuvu ni mfupa unaong'aa na mashimo yenye giza. Mwenye ngozi nyeusi ana giza hilo tayari, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuchora mfupa.

Vuta mashavu ndani kama unayefyonza mrija, uone mfupa unakopita. Fuata mstari huo kwa penseli nyeupe ya macho au rangi nyeupe ya uso, kisha ukingo wa taya, juu ya nyusi na katikati ya pua. Sasa chukua weusi, na uwe weusi hasa: kahawia ya kuchonga mashavu haionekani kwenye ngozi yetu. Jaza duara la macho hadi kwenye nyusi, kisha ncha ya pua kwa umbo la kopa lililopinduliwa. Meno ni mistari mifupi ya wima inayokatiza midomo yote miwili, ikizidi kufupika kuelekea pembeni. Siri iko kwenye ukingo: upande mmoja wa kila mstari usugue kwa kidole ufifie, upande wa pili uuache mkali. Hapo ndipo mfupa unainuka. Gandamizia poda juu, basi. Mkono uliozoea unamaliza kwa nusu saa.

Dhana: Rangi ikiandikwa "haina sumu" inafaa kupakwa usoni.

Maandishi hayo kwenye rangi za shuleni yana maana kwamba ukizitumia kwenye karatasi kama ilivyokusudiwa hazitakudhuru. Ngozi haikutajwa. Rangi ya akriliki ikikauka inakuwa plastiki, na ukiibandua inang'oka na vinyweleo. Glita ya kazi za mikono ina vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwaruza jicho, kwa hiyo tafuta ile iliyotengenezwa kwa vipodozi. Tena, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, huidhinisha rangi kwa sehemu ya mwili: rangi inaweza kuruhusiwa shavuni ikakatazwa karibu na macho. Zinazong'aa gizani zichunguze zaidi kabla hujazisogeza jichoni.

Dhana: Wanja na piko ni vitu vya asili, bibi zetu walivitumia, kwa hiyo ni salama.

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu dhana hii ni yetu wenyewe, na vitu hivi vimo kwenye mabegi yetu.

Wanja wa unga wa kienyeji mara nyingi hutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Si kila wanja una risasi, ila kwa kuutazama huwezi kujua. FDA hairuhusu wanja wa aina hiyo kutumika kama kipodozi, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hujifuta macho, kisha anatia vidole mdomoni pamoja na pipi. Mpake penseli ya macho ya dukani yenye orodha ya viambato, ule wa bibi uacheni kwenye kichupa chake.

Piko ni habari nzito zaidi. Hina ya majani inatoa wekundu au kahawia, na inahitaji saa kadhaa kukolea. Weusi ule wa piko, unaopendwa kwenye mikono ya maharusi Mombasa, Lamu na Unguja, kwa kawaida hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Najua kwa nini inavutia siku ya Halloween: unachora utando wa buibui shavuni, hauchujuki kwa jasho. Lakini PPD inaweza kutoa malengelenge na kuacha makovu, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Mwili ukishaikataa mara moja unaikumbuka: miaka baadaye mtu anapaka rangi ya nywele saluni, kichwa kinavimba. Usiichore usoni, na kwa mtoto usiichore popote. Utando huo huo chora kwa wino wa macho usioingia maji.

Dhana: Lenzi za rangi zisizo na namba, yaani zisizorekebisha uoni, ni pambo tu, hazihitaji daktari.

Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inazihesabu lenzi zote za kuvaa machoni kuwa vifaa vya tiba, hata zisizosaidia kuona. Anayekuuzia bila cheti cha mtaalamu wa macho anavunja sheria. Lenzi isiyolingana na jicho lako hukwaruza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, vijidudu wanaingia, na watu wamepoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo. Kuazimana na rafiki ni vibaya zaidi. Ukitaka macho ya kutisha, pitisha penseli nyeupe ndani ya ukingo wa chini wa jicho, zungushia wekundu uliofifia, kisha weusi. Jicho linatoka kubwa na la mgonjwa bila kitu ndani yake.

Dhana: Kujaribu mekapu jioni ile ile kunatosha.

Mzio hauna haraka. Paka kidogo ndani ya mkono siku mbili kabla, ukiwasha au kuvimba, tupa.

Dhana: Damu bandia ni wekundu tu.

Wekundu mtupu unaonekana kama jamu. Chukua sharubati nzito ya mahindi, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili ipige weusi kama damu inayoanza kuganda. Paka vaselini kwanza pale itakapokaa, na nguo nyeupe uisahau.

Dhana: Fuvu lenye maua ni Halloween ya Mexico.

Hapana. Siku ya Wafu ya Mexico ni tarehe 1 na 2 Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu kwa picha, vyakula na maua, na UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2008. Yule bibi wa fuvu mwenye kofia pana, Catrina, ametokana na mchoro wa José Guadalupe Posada wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa maoni yangu, kama hukualikwa na wenyewe, chora fuvu tupu. Sisi tungeumia kuona shuka la Kimaasai na shanga zake zimegeuzwa kichekesho. Na mtu asibadilishe rangi ya ngozi yake aigize kabila au taifa lingine. Marekani ina historia chungu ya Wazungu waliojipaka weusi jukwaani kuwadhihaki Weusi.

Dhana: Maji na sabuni yatatoa yote.

Rangi za maji, ndiyo. Za mafuta zitatawanyika tu, nawe utasugua mpaka uso uwashe. Pakaza mafuta ya nazi, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa laini, ndipo unawe kwa sabuni. Kope bandia zilainishie gundi kwa mafuta hayo hayo, usizivute zikiwa kavu. Weusi uliojificha kwenye mizizi ya kope utoe kwa kijiti cha pamba, jicho likiwa limefumbwa. Alama ya rangi ya chakula ikibaki, iache. Ndani ya siku chache ngozi itaiondoa yenyewe.