Viti vinapogeuka: siri ya mashindano ya uimbaji yenye makocha

Viti vinne vyekundu vimempa mgongo mwimbaji, naye ana takriban sekunde 90 tu. Huo ndio mwanzo wa kawaida wa safari katika The Voice, mfumo ulioanza kurushwa Uholanzi Septemba 2010, ukaingia Marekani Aprili 2011 na Uingereza Machi 2012. Kocha, ambaye ni mwanamuziki maarufu, akivutiwa hubonyeza kitufe, kiti kinazunguka, na hapo ndipo anapomwona mwenye sauti kwa mara ya kwanza. Wengi husema utamu wa kipindi ni hicho kiti. Kwa sikio la mwalimu wa sauti, utamu wenyewe unakuja baadaye: mtazamaji anasikia kosa, anamsikia kocha akilitaja kwa jina, halafu anasikia kosa lilelile likinyooka au likikataa kunyooka. Mafunzo na matokeo yake vinapita mbele ya masikio yake usiku uleule.

Mashindano yaliyotangulia yalikuwa ya meza ya majaji. Pop Idol ya Uingereza ilianza 2001, American Idol ikafuata 2002, na makali ya jaji Simon Cowell yakawa gumzo kila mahali. Ila hukumu, hata ikiwa ya haki, inafunga mjadala. Ukiambiwa umeimba vibaya, bado hujui pumzi ilikuishia wapi. The X Factor ya 2004 ilimpa kila jaji kundi la kulea, nusu jaji nusu mlezi. The Voice ikamalizia kazi hiyo: kocha ana timu, na timu ikipoteza, amepoteza yeye.

Upole wa makocha hawa, basi, umeandikwa ndani ya kanuni. Kiti kimoja kikigeuka, mwimbaji anaingia moja kwa moja kwenye timu ya kocha huyo. Vikigeuka viwili au zaidi, uamuzi unahamia kwa mwimbaji, na mastaa wanaanza kumbembeleza. Tom Jones, mwenye miongo kadhaa jukwaani, alikaa kwenye kiti hicho Uingereza tangu msimu wa kwanza na ilimbidi amweleze mtu asiyejulikana kwa nini amchague yeye. Katika kubembeleza huko sifa tupu hazifiki mbali, maana kocha wa kiti cha jirani anazo pia. Anayeshinda mara nyingi ni yule aliyetaja sehemu mahususi: "Pale ulipoingia kwenye sauti ya kichwa bila mshono, hapo ndipo nilipobonyeza." (Sauti ya kichwa ni ile nyepesi ya noti za juu.) Mwimbaji anatambua kwamba amesikilizwa, na mtazamaji aliye nyumbani anajifunza kuisikia sehemu hiyo.

Sasa zile sekunde 90, maana wengi wanaangukia hapo. Chukua wimbo wa mapigo 80 kwa dakika. Sekunde 90 zinakupa mapigo 120, yaani vipande 30 vya mapigo manne manne. Ubeti wa vipande 8, kiitikio cha 8, daraja (sehemu fupi ya mpito) la 4 na kiitikio cha mwisho cha 8 ni vipande 28. Vimebaki viwili vya utangulizi. Hakuna nafasi ya ubeti wa pili, na mwimbaji ambaye uzuri wa wimbo wake umefichwa kwenye ubeti wa pili ameshashindwa kabla hajafungua mdomo. Wimbo unaofaa raundi hii unaonyesha mambo matatu upesi: rangi ya sauti chini, uwezo wa kupanda, na namna ya kutoka kimoja kwenda kingine.

Mstari wa kwanza nao una hatari yake. Nyimbo nyingi za pop huanzia chini, na mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi inayoishia mabegani badala ya kushuka mpaka mbavu za chini zipanuke. Noti za chini zikikosa hewa hulegea na kushuka nusu ya nusu toni (nusu toni ni hatua ya kinanda kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata), na kwa kocha aliyegeuza mgongo hakuna uso wala vazi la kumfichia kasoro hiyo. Kisha hofu hubadilika kuwa haraka, na mwimbaji anatangulia mbele ya bendi. Kufikia kiitikio anajaribu kufidia kwa nguvu: zoloto (kisanduku cha sauti kooni) inapanda, koo linabana, noti ya juu inatoka kama kelele. Viti vikibaki vilivyo, chanzo mara nyingi kilikuwa pumzi ya kwanza, ingawa kilichosikika ni noti ya mwisho.

Kosa lingine ni mapambo mengi. Kupamba neno moja kwa noti sita saba ni ufundi halisi, lakini likipambwa kila neno, wimbo unapotea. Kocha mwenye busara humwambia mwimbaji achague sehemu mbili tu za kupamba, kwingine aimbe noti ilivyo.

Naona raundi ya pambano ndiyo moyo wa mfumo wote. Waimbaji wawili wa timu moja wanapewa wimbo mmoja, wanafanya mazoezi na kocha, wanaimba pamoja, na kocha anabaki na mmoja. Tangu msimu wa tatu wa Marekani, 2012, kocha mwingine anaweza kumnyakua aliyeachwa, na kanuni hiyo imepunguza ukatili wa kulazimika kukata moja kati ya sauti mbili nzuri zilizokutanishwa na bahati mbaya.

Mazoezi ya pambano yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko onyesho lenyewe. Tatizo la kwanza ni ki ya wimbo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Sauti ya kike na ya kiume kwa kawaida hazistareheki mahali pamoja. Wimbo unaomkaa vizuri mwanamke unaweza kumtaka mwanamume apande mno, na akishuka oktava nzima, hadi noti ileile ya chini, anazama chini asisikike. Kuna njia tatu. Kuishusha au kuipandisha ki nusu toni mbili au tatu ili kila mmoja aumie kidogo. Kubadilisha ki katikati ya wimbo, kila mmoja apate sehemu yake. Au kugawa mistari kwa urefu wa noti: aliye chini achukue ubeti, aliye juu achukue daraja, wakutane kwenye kiitikio kwa sauti mbili. Mimi hupendelea ya tatu, kwa sababu inawalazimisha kusikilizana. Wakishindwa hapo, pambano linageuka mashindano ya kupiga kelele, na anayepiga zaidi huishiwa pumzi kwanza.

Maelekezo mazuri ya kocha huwa madogo, ya kushikika. "Mstari wa kwanza uimbe kwa nusu ya nguvu zako." "Usivute pumzi katikati ya neno, vuta kabla ya kiunganishi." "Hiyo irabu 'i' kwenye noti ya juu ifungue kidogo kuelekea 'e'." Hili la mwisho hushangaza watu kwa kasi yake. Irabu 'i' huimbwa mdomo ukiwa umebana na ulimi umeinuka, na juu kabisa sauti hukosa nafasi; ukiilegeza kuelekea 'e', taya linashuka, noti inafunguka palepale, na msikilizaji bado anasikia neno lilelile. Ni badiliko la sekunde kumi ambalo mtu asiyejua muziki hata kidogo analisikia. Televisheni haiwezi kuonyesha miaka mitano ya mazoezi ya skeli (ngazi za noti), lakini hilo inaliweza.

Kelly Clarkson ni mfano mzuri wa mtu aliyepita pande zote mbili. Alikuwa mshindi wa kwanza wa American Idol, 2002, kisha akaketi kwenye kiti chekundu 2018 na mwimbaji wa timu yake akashinda msimu huohuo. Anapozungumzia noti ya juu, anazungumza kama mtu aliyewahi kuitafuta mbele ya kamera.

Upole una ugonjwa wake, nao ni sifa isiyo na kitu ndani. "Umetugusa wote" haina kazi ya kufanya kesho asubuhi. Kipimo changu ni hicho: je, mwimbaji akiamka kesho ana jambo la kujaribu kutokana na sentensi ile? Kama hana, kocha amemkumbatia tu. Na ugonjwa huu huzidi kwenye raundi za moja kwa moja, pale kura zinapohamia kwa watazamaji. Kocha anajua kwamba kosa atakaloonyesha hadharani linaweza kumpunguzia mwimbaji wake kura, hivyo kila onyesho linakuwa bora kuliko yote. Ndiyo maana nusu ya pili ya msimu hunipotezea ladha, hata kama sauti zimekomaa.

Kura nazo hupima mapenzi ya wiki ile. Morgan Wallen aliingia msimu wa sita wa Marekani, 2014, akatolewa kabla ya fainali, na miaka michache baadaye akawa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa kantri nchini humo.

Ukitaka kunufaika na kipindi, raundi ya kwanza igeuzie televisheni mgongo kama makocha wenyewe, na uandike sekunde ambayo ungebonyeza kitufe pamoja na sababu kwa maneno matatu: "pumzi", "rangi", "mwendo", chochote ulichosikia. Kwenye pambano andika elekezo moja la kocha wakati wa mazoezi, kisha subiri mstari huohuo jukwaani. Kumbuka tu kwamba mazoezi unayoonyeshwa ni dakika chache zilizokatwa kutoka kwenye saa nyingi, na sauti inayokufikia imeshapita kwa fundi mitambo. Kwa hiyo usipoteze muda kulinganisha ukubwa wa sauti. Sikiliza mahali pumzi inapoingia, maana hapo fundi hana la kumsaidia mwimbaji.