Keshibeki ya simu haikuingia? Hilo ni deni, lidai

Kila msimu wa ofa ukiisha, baada ya Desemba na baada ya Idi, ofisini kwangu hapa Malindi huanza kuingia watu na simu mpya mkononi na nyuso zimekunjana. Hadithi ni ile ile, nunua simu kwa 18,000 urudishiwe 2,500 kwa M-Pesa ndani ya mwezi, mwezi ukapita na wa pili ukapita pesa hamna, ukirudi dukani unaambiwa "mamangu hiyo si yangu, ni ya kampuni", ukipigia kampuni unaambiwa rudi dukani ulikonunua. Mi kazi yangu ni madai ya watu wa kawaida, mshahara, kodi za nyumba, vitu vibovu, na hizi za simu zimezidi bwana, kwa hivyo leo wacha niyamwage yote hapa.

Kwanza hii fikra ya kwamba keshibeki ni zawadi, itoeni kabisa. Hata wateja wangu wenyewe wananiambia "ah, ilikuwa bahati tu, haikuwa yangu". Bahati gani? Duka la pili lilikuwa na simu hiyo hiyo kwa 16,500, ukaliacha ukaja hapa kwa 18,000 kwa sababu ya ile 2,500 iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Ahadi ndiyo iliyokutoa pesa mfukoni, bei mliyokubaliana ni 15,500, na aliyebaki na tofauti ana deni lako. Ukiingia dukani na hii kichwani hata sauti inabadilika, huombi, unadai.

Na sheria iko upande wako. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Alafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 12 kinazungumzia maelezo ya uongo, na humo ndani mna kusema kuna nafuu ya bei wakati haipo, mna pia kutumia maneno yenye utata au kunyamazia jambo muhimu. Na masharti yakiwa yanasomeka huku na huku, inachukuliwa ile maana inayomfaa mnunuzi, sio ya aliyeyaandika. Hii ya mwisho watu wengi hawaijui na ndiyo silaha nzuri kuliko zote, maana masharti ya ofa za simu yameandikwa na mtu ambaye nadhani hakutaka yasomwe.

Sasa swali linalowachanganya watu, ni nani wa kudaiwa? Ni yule aliyetoa ahadi. Rudi kwenye bango au meseji uangalie jina. Kuna keshibeki ya duka lenyewe, kuna ya kampuni iliyotengeneza simu, kuna ya mtandao wa laini, na kuna ya programu ya kulipia. Kama bango ni la duka na muuzaji ndiye aliyekwambia utarudishiwa basi hawezi kukimbilia kwa kampuni, hayo mambo yao wamalizane wenyewe. Kama ni ya kampuni, na duka lilikuwa linauza tu, basi barua yako iende kwa kampuni, ila duka lisijifanye halijui kitu wakati bango lilibandikwa kwenye kioo chake.

Na duka lenyewe ni la nani? Huku kwetu utakuta kibao kinasema jina moja, risiti ya mkono ina jina lingine. Fungua ile meseji ya M-Pesa ya siku uliyolipa, jina la mwenye tili limo humo pamoja na namba ya muamala, alafu unaweza kutafuta usajili wa biashara hiyo kupitia eCitizen. Ukiwa umefuta meseji usilie, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako. Piga pia *#06# uandike namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yako peke yake, maana ndiyo inayotumiwa na kampuni nyingi kujua simu imeuzwa kwa nani na imesajiliwa kwa ofa au la. Na bango lipige picha siku ya kununua, wakishaona watu wameanza kulalamika hulibandua fasta.

Masharti nayo. Huu mchezo sio wa hapa tu, Uingereza miaka ya 2000 kulikuwa na maduka yanauza simu za mkataba, mteja alipe bili kila mwezi alafu arudishiwe pesa kwa awamu, lakini atume nakala za bili kwa posta ndani ya muda fulani, akichelewa kidogo amekosa, na maduka mengine yakafilisika kabla ya kulipa, mpaka mwaka 2009 mdhibiti wao, Ofcom, akaweka kanuni za kubana uuzaji wa simu. Ofa za huku zina ujanja wa jamii hiyo hiyo, usajili simu ndani ya siku kadhaa, laini iwe hai miezi mitatu, ununue bando kila mwezi. Mimi husema ukweli hata kama unauma, kama sharti lilikuwa limeandikwa waziwazi na wewe hukulifuata, kesi yako ni dhaifu. Lakini kama lilitajwa baada ya kulipa, au liko kwenye tovuti tu na bango halikusema kitu, hapo tuko na la kuongea.

Anza na barua. Sio simu, sio kwenda kugombana pale kaunta mbele ya watu, barua, hata kwa wosapu au barua pepe, useme ulinunua nini, lini, kwa bei gani, uliahidiwa nini, na uwape siku 14. Ukweli wengi hulipa hapa, maana wanajua ni wachache wanaoandika. Kama ahadi ni ya mtandao wa simu, lalamika kwao kwanza uchukue namba ya malalamiko, wakikupuuza ndio upeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya matangazo ya kupotosha chini ya sheria ya 2010, lakini usitarajie wawe wakusanyaji wa deni lako, huko kunafaa zaidi mkiwa wengi mliofanyiwa jambo moja.

Wakikaa kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016. Inasikiza madai mpaka shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, haijafungwa na kanuni kali za ushahidi kwa hivyo skrinshoti zako zinasikizwa, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Uliza kwenye registri ya mahakama iliyo karibu nawe, kama haiko hapo basi ni kwa hakimu wa kawaida. Kwa mtu wa Faza au Siyu, kule kisiwani Pate, najua boti na nauli zinaweza kumaliza hiyo 2,500, ndio maana nasisitiza barua, na wale mlionunua ofa moja andikeni barua zenu siku moja. Muda mnao, deni la mkataba halifi kisheria mpaka miaka 6, ila kama unataka kurudisha simu na kuvunja mkataba kwa sababu ya udanganyifu, hiyo ni ndani ya mwaka mmoja.

Wakikujibu "mfumo unaonyesha hukustahili", usikubali hivi hivi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kifungu cha 26 inakupa haki ya kuona taarifa zako walizonazo, omba rekodi yako ya ofa, tarehe ya usajili na sababu ya kukukataa. Mara nyingi unakuta IMEI imeingizwa kimakosa.

Wa lipa mdogo mdogo, tafadhali, msiache kulipa awamu eti kwa sababu keshibeki haijaingia, watafunga simu na nyinyi ndio mtakuwa mmevunja mkataba. Lipa, dai pembeni. Na ukishaanza kulalamika mitandaoni, utapigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri anasema keshibeki yako iko tayari, tuma 300 ya kuprosesi au soma PIN. Mkatie.