Kikohozi cha Mtoto Usiku: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Saa nane za usiku kikohozi cha mtoto husikika kikubwa kuliko kilivyo. Nyumba kimya, mzazi hajapata usingizi, na mchana kutwa mtoto huyohuyo alikuwa akicheza kama hana lolote. Ndipo kila mtu huwa na lake la kusema.

"Kikizidi usiku, ugonjwa umeshuka kifuani." Si lazima. Mtoto akilala, makamasi huteremka nyuma ya koo, na koo huyasukuma kwa kukohoa. Mchana huyameza bila habari. Kukohoa ndiko kunakolinda mapafu yake.

"Wiki imepita, apewe antibaiotiki." Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Siku ya 10, takriban nusu ya watoto waliopata mafua bado wanakohoa. Wengi wao hutulia kufikia siku ya 25. Makamasi kugeuka manjano au kijani si ushahidi wa bakteria. Dawa iliyoanzwa siku ya 9 hujipatia sifa ya kupona ambako kulikuwa njiani tayari.

"Dawa ya maji ya kikohozi haina madhara." Ina. Kwa watoto wadogo haijathibitika kusaidia, na nyingine huwalaza tu kwa usingizi mzito, mzazi akadhani wamepona. Yenye kodeini, dawa kali ya jamii ya afyuni, asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 12, kwani inaweza kupunguza pumzi. Asali ina nafuu zaidi: nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Lakini asiyetimiza mwaka asionjeshwe hata kidogo, kwa hatari ya botulini, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

"Muinulie kichwa kwa mito." Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hapana. Alale chali, mahali tambarare, bila mto. Mto unaweza kumziba pumzi.

"Ni baridi tu, mfunike." Blanketi halifukuzi virusi. Moshi wa sigara au wa jiko ndani ya nyumba ndio wa kuondoa.

"Pumu lazima kifua kilie filimbi." Kwa baadhi ya watoto huanza na kikohozi kikavu cha usiku, au cha baada ya kukimbia na kucheka, kinachorudi kila mara. Huyo apimwe. Vilevile anayekohoa kila siku zaidi ya wiki 4. Na ikiwa anapungua uzito au anaishi na mwenye kifua kikuu, asingoje hata wiki 2. Kikohozi kilichoanza ghafla wakati anacheza na vitu vidogo huenda kuna kilichoingia kwenye njia ya hewa: huyo apelekwe siku hiyohiyo.

"Kikohozi kikali ndicho cha hatari." Sauti hudanganya, tazama pumzi. Akiwa ametulia, fungua nguo kifuani uhesabu kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kasi mno: apelekwe hospitali. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, midomo ikiwa ya bluu, au akishindwa kunyonya wala kunywa, usingoje kupambazuke.